Onyo Lililolala Kabatini

Siku moja ya soko mjini Oyugis nilinunua njugu za kukaanga kwa mama mmoja aliyeketi karibu na magari yaendayo Kisii. Alinitilia njugu zangu katika karatasi aliyoikunja kwa umbo la pembe, kama ilivyo desturi, nami nikaenda zangu nikitafuna. Njugu zilipokwisha niliikunjua karatasi ili niikung'ute chumvi, nikaona kuwa ilikuwa ukurasa wa jarida la kitaaluma. Juu kabisa palikuwa na jina la jarida, East African Agricultural Journal, na mwaka 1958. Chini yake palikuwa na habari za maradhi ya mihogo, zilizoanza katikati ya sentensi na kukatika katikati ya sentensi nyingine. Nilirudi kwa yule mama nikamwuliza karatasi zake zilikotoka.

"Mwalimu," alinijibu, "karatasi ni karatasi. Hii ni nzito, haipitishi mafuta. Kijana mmoja huniletea kwa kilo."

Tulicheka sote wawili, lakini kicheko changu hakikufika mbali, kwa sababu nilikuwa na deni la zamani ambalo ukurasa ule ulikuja kunidai. Katika mwaka wangu wa mwisho chuoni nilipokuwa nikisomea ualimu, mimi na wenzangu tuliagizwa kuondoa majarida ya kale katika chumba cha nyuma cha maktaba. Chumba kilitakiwa kwa ajili ya kompyuta. Tulibeba maboksi asubuhi nzima. Mengine yalipakiwa katika mkokoteni, mengine yaliishia shimoni nyuma ya jiko, yakachomwa. Mwenzetu mmoja, mpole wa tabia na mwenye kuuliza maswali kila mara, aliuliza kama ilikuwa halali kuchoma vitabu. Aliambiwa kuwa hakuna kinachopotea, kwa kuwa yote yamo sasa katika intaneti. Jibu lile lilituridhisha. Kwa kusema kweli, mimi liliniridhisha upesi kuliko wengine, maana nilikuwa nimechoka na nilitaka kwenda kula.

Tangu siku ya njugu nimekuwa nikilitafakari jibu lile, na nataka wewe, msomaji kijana, ulitafakari pamoja nami. Je, elimu iliyohifadhiwa mahali ambapo wahusika wake hawawezi kuifikia, yaweza kuitwa elimu iliyohifadhiwa? Na mtu ajuaye jambo la hatari, akaliandika mahali pasiposomwa na wale watakaodhurika, je, ametimiza wajibu wake?

Yafaa kwanza tuelewane juu ya kitu tunachokizungumza. Jarida la kitaaluma si gazeti. Gazeti huandikwa kwa ajili ya leo, na kesho hufungiwa samaki bila dhambi yoyote. Jarida la kitaaluma huandikwa na watafiti kwa ajili ya watafiti wengine, na thamani ya toleo moja haiishi toleo la pili litokapo, kwa sababu kila makala husimama juu ya mabega ya makala za nyuma. Afrika ya Mashariki ilipata majarida ya namna hiyo mapema. Jarida la waganga lilianza Kenya mwaka 1923, na baadaye likaitwa East African Medical Journal. Kamati ya lugha ya Kiswahili iliundwa mwaka 1930, na jarida lake lingali hai hata leo kwa jina la Kiswahili, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uganda Journal lilianza mwaka 1934, na Tanganyika Notes and Records mwaka 1936. Ndani ya majarida hayo mna udongo wetu, mvua zetu, magonjwa yetu, misemo yetu na nasaba zetu, vikiwa vimeandikwa kwa sehemu kubwa na wageni, kwa sehemu kubwa katika Kiingereza, lakini kwa maneno yaliyotoka vinywani mwa wazee wetu.

Matoleo ya kale yalipozidi, rafu za maktaba zilijaa dunia nzima. Huko Marekani, William Bowen, aliyekuwa mkuu wa wakfu wa Mellon, aliwaza kuwa badala ya kila chuo kujenga chumba kipya kwa ajili ya karatasi zile zile, kurasa zipigwe picha mara moja, ziwekwe katika kompyuta, na vyuo vyote visome humo. Wazo hilo lilizaa JSTOR, shirika lisilotafuta faida, lililosimama kwa miguu yake mwaka 1995. Wengine walifuata. African Journals Online ilianza mwaka 1998 ili majarida ya bara letu yaonekane nje ya mipaka yake. Wachapishaji wakubwa wa Ulaya nao waliyapiga picha majarida yao ya zamani hadi toleo la kwanza kabisa. Kazi hiyo ni kubwa na ya kusifiwa. Mchwa haramba picha, mvua ya Aprili haiivujii, na mtu aliye Oyugis aweza kuona kwa dakika moja ukurasa ambao babu yake angesafiri siku mbili ili auone, kama angeruhusiwa mlangoni. Sisemi neno la kuidharau kazi hiyo. Nasema tu kwamba mlango ni kitu kimoja na ufunguo ni kitu kingine.

Nirudi kwenye ukurasa wangu. Nilitamani kujua mwisho wa ile habari ya mihogo, nikamwomba kijana niliyemfundisha zamani, aliyekuwa amekwisha ingia chuo kikuu, anitafutie sehemu zilizobaki. Nilijaribu mwenyewe kwanza kwa simu yangu. Nililiona jarida, nikaliona toleo, nikaliona jina la makala, kisha nikaonyeshwa bei kwa fedha za kigeni. Kijana wangu, akiwa ndani ya maktaba ya chuo chake, alitafuta na kusoma kwa njia zilizo halali kwa wanafunzi wa chuo. Mihogo hakuipata ile niliyoitaka, lakini alipokuwa akipekua matoleo ya miaka ya karibu na hapo aliniandikia ujumbe ulioniamsha usiku: "Mwalimu, kuna makala ya mbuta ya mwaka 1960. Kabla ya mbuta."

Wewe uliyezaliwa kando ya ziwa letu huhitaji kuelezwa mbuta ni nani. Ndiye samaki mkubwa ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara. Watoto wengi hudhani kuwa aliumbwa pamoja na ziwa. Hasha. Aliletwa. Inasimuliwa na watafiti kuwa alianza kutiwa majini upande wa Uganda tangu mwaka 1954, bila kutangazwa, na kwamba aliongezwa kwa kauli ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1960, upande wa Uganda na wa Kenya pia. Katikati ya mambo hayo, wataalamu walibishana katika jarida lile lile lililofunga njugu zangu.

Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki, Geoffrey Fryer, alichapa makala juu ya mpango wa kumleta samaki huyo katika Ziwa Victoria. Aliupinga. Hoja yake ni rahisi hata mtoto wa darasa la saba ataifahamu: samaki alaye samaki hupoteza. Ili apate uzito wa kilo moja sharti ale kilo nyingi za samaki wengine, basi mvuvi amwachiaye mla-samaki ziwa lake amebadilisha vingi kwa kichache. Isitoshe, mgeni mkubwa mwenye meno akiisha ingia, hakuna mkono utakaomtoa. Mwaka uliofuata, 1961, mwandishi mwingine, Anderson, alijibu katika jarida hilo. Yeye aliona kuwa ziwa limejaa fulu, visamaki vidogo vyenye miiba ambavyo soko halivitaki sana, na kwamba mbuta angevigeuza kuwa nyama ya samaki mkubwa mwenye bei. Hoja hii nayo si ya kijinga. Huu ndio uzuri wa majarida: watu wawili wenye akili, wakitazama maji yale yale, wanapingana mbele ya mashahidi.

Unajua yaliyofuata. Kwa karibu miaka ishirini mbuta alikuwa mchache. Katika miaka ya 1980 aliongezeka kama moto katika nyasi kavu. Fulu, ambao wataalamu wanakadiria kuwa walikuwa aina zaidi ya 500, walitoweka mbele ya macho ya wavuvi, na yadhaniwa kuwa aina zipatazo 200 hazipo tena. Haki inanilazimisha kusema kuwa mbuta hakuwa mkosaji wa pekee. Uchafu uliotiririka kutoka mashambani na mijini, na nyavu zenye macho madogo, vilisaidia. Aidha, mbuta alileta fedha. Viwanda vilijengwa, minofu ikasafirishwa Ulaya, na wako watu waliojenga nyumba za mawe na kusomesha watoto kwa samaki huyo. Lakini minofu ilipokwenda Ulaya, wanawake wa masoko yetu walibaki na mifupa, iliyopewa jina ambalo sitalisahau, mgongo wazi. Fulu alikaushwa juani bila gharama. Mbuta ana mafuta, sharti akaushwe kwa moto, na moto hula miti. Basi Fryer na Anderson, kila mmoja alipata sehemu ya ukweli. Aliyelipa gharama ya jaribio lile hakuwa mmojawapo wao.

Nilimchukulia habari hii mzee mmoja wa Kendu Bay, mvuvi aliyekwisha stahi, ambaye alikuwa kijana mdogo wa mtumbwi miaka ile. Kutoka Oyugis kwenda huko si mbali, barabara inateremka kuelekea ziwani. Nilimtafsiria makala zote mbili nilivyoweza, Kiingereza nikakigeuza Kiswahili, na palipokuwa pagumu nikasema Dholuo. Alinyamaza kitambo, kisha akanihesabia samaki wa ujana wake kwa vidole: ngege, mbiru, ningu, fulu wa namna ambazo mimi sikuwahi kusikia majina yake. Mwisho aliuliza:

"Mwanangu, huyo bwana alijua?"

"Alijua, mzee. Aliandika."

"Aliandika. Sasa mbona hakuja hapa ufuoni akatuambia?"

Nilitafuta jibu nikalikosa, na tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilo na mwenyewe mara nyingi kuliko nilivyoulizwa na yeye.

Mtu aweza kumtetea mwandishi wa mwaka 1960, nami namtetea. Aliliona jambo kabla ya wengine, akalisema hadharani, akatia jina lake. Aliandika mahali ambapo wakuu wa samaki na wakuu wa kilimo walisoma, yaani mahali ambapo amri ilitoka. Wavuvi wa Kendu Bay hawakuwa na kura katika baraza lile, basi kuwaambia kungeleta hofu tu bila faida. Tena yawezekana samaki alikuwa amekwisha tiwa majini, na wino wote wa dunia usingemtoa. Kwa hiyo wajibu wake alitimiza, kwa kadiri ya mtu wa kazi yake na wakati wake.

Lakini kumtetea mtu hakumalizi swali la mzee. Swali lake lina mzizi mrefu zaidi. Yeye hakuuliza kama onyo lingebadili amri. Aliuliza kwa nini jambo litakalomla yeye lilizungumzwa katika chumba ambacho yeye hakuwamo, kwa lugha isiyokuwa yake, na katika karatasi isiyomfikia. Kuambiwa hatari ni haki ya yule atakayeibeba, hata akiwa hana uwezo wa kuizuia, kwa maana mtu aliyeambiwa huweza walau kujitayarisha, kubisha, kukumbuka, na kuwadai watoa amri maneno yao. Mtu asiyeambiwa hufanyika kuwa sehemu ya jaribio, sawa na samaki. Sioni njia ya kuukwepa ukweli huu.

Ikiwa hivyo ndivyo, kufunguliwa kwa makabati ya majarida ya zamani si anasa ya wasomi. Ni kuchelewa kulipa deni. Wala usidhani kuwa ni habari za marehemu tu. Leo hii majini mwa Homa Bay kuna vizimba vya kufugia samaki, na kila mwaka vinaongezeka. Wapo wasemao vitaokoa ziwa, na wapo wasemao vitalichafua. Kijana wa Kendu Bay atakayeketi katika mkutano wa ufuo ili atoe neno lake angefaidika sana kusoma jinsi wataalamu wa mwaka 1960 na 1961 walivyobishana, nani alisahau nini, na nani aliulizwa na nani hakuulizwa. Makala zile zipo. Hazikuungua. Zimepigwa picha safi. Lakini jarida lililochapwa hapa kwetu, kwa ajili ya kilimo cha hapa kwetu, matoleo yake ya kale sasa yanasomwa kupitia tovuti ya mchapishaji wa Uingereza, na asiye na chuo nyuma yake huombwa kulipa kwa kila makala.

Hapa ndipo nilipouona uzito wa kazi niliyoifanya asubuhi ile chuoni. Maktaba iliyonunua jarida la karatasi ilikuwa mwenye nyumba. Hata ada ikikosekana mwaka ujao, matoleo ya nyuma yalibaki rafuni, na mtu yeyote aliyepita mlangoni aliweza kuyafunua. Maktaba inayosoma kwa kompyuta, mara nyingi, ni mpangaji. Kodi ikikatika, mlango hufungwa, hata kwa yale iliyokuwa ikiyasoma jana. Sisi tulichoma hati ya nyumba, tukashangilia kuwa tumehamia mahali pasafi. Hakuna aliyetudanganya alipotuambia kuwa yote yamo katika intaneti. Yamo kweli. Kosa letu lilikuwa kutouliza swali la pili, yamo mikononi mwa nani.

Nisiwadhulumu watunzaji. Kutunza kwa kompyuta hakupatikani bure, kinyume cha wadhanivyo wengi. Mashine huzeeka, umeme hulipwa, na picha sharti zihamishwe kutoka mtambo wa kale kwenda mtambo mpya kila baada ya miaka michache, la sivyo huoza kwa namna yao. Wapo pia waliopunguza ukali wa mlango. JSTOR iliziondolea ada au kuzipunguzia taasisi nyingi za Afrika, na mtu binafsi akijiandikisha hupewa kusoma idadi fulani ya makala kila mwezi bila malipo. Majarida ya kale ya chama cha wapenda maumbile cha Nairobi, kilichoundwa mwaka 1909, unaweza kuyasoma sasa hivi katika maktaba ya kidijiti ya viumbe hai iliyoanzishwa mwaka 2006, bila senti zaidi ya bando lako, na humo utakuta ndege na vipepeo wa nchi yetu kama walivyoonekana zaidi ya miaka mia iliyopita. Basi jambo hili linawezekana. Anayesema haliwezekani hajatazama.

Yuko kijana wa Marekani, Aaron Swartz, ambaye hakutaka kungoja. Kati ya mwisho wa mwaka 2010 na mwanzo wa 2011 alitumia mtandao wa chuo kimoja mashuhuri kushusha mamilioni ya makala za JSTOR. Alikamatwa Januari 2011. JSTOR wenyewe walipatana naye, lakini serikali iliendelea kumshitaki, naye alifariki Januari 2013, akiwa na umri wa miaka 26, kabla kesi haijasikilizwa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hugawanyika kila nikiwasimulia habari yake. Nusu humwita shujaa, nusu humwita mwizi. Mimi siwapi jibu la kunakili daftarini, lakini maoni yangu sitayaficha. Kuvunja mlango wa kabati ni kuwafundisha watunzaji kununua kufuli kubwa zaidi, na anayetunza kwa taabu hastahili kutendewa hivyo. Lakini adhabu waliyomkusudia ilipita kipimo, na sheria inayomtazama msomaji kwa jicho la kumtazamia mnyang'anyi imesahau kwa nini vitabu viliandikwa. Baina ya mawili haya pana njia ambayo haikuvunja kitu: kwamba wale ambao maji yao, ardhi yao na maneno yao yaliandikwa katika makala wapewe kuzisoma makala hizo bila malipo, hata kama wengine wote watalipa. Mgeni aliyekula kwako hawezi kukuuzia habari za chakula ulichompikia. Mwaka 1936 Evans-Pritchard, mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, alifika kwetu akawauliza Wajaluo habari zao. Mwaka 1950 desturi zetu za ndoa alizichapa katika jarida la Africa. Wazee waliomweleza hawakumtoza ada.

Baadhi ya wenzangu hupinga kwa njia nyingine. Husema kuwa majarida ya zamani yamejaa makosa, na hata matusi, na kwamba ni bora kizazi kipya kisiyaone. Kwa hili nina mfano wa karibu. Kando ya mlima Homa, huko Karachuonyo, kuna mahali paitwapo Kanam. Mwaka 1932 kundi la Louis Leakey lilipata hapo kipande cha taya, kilichookotwa na msaidizi wake Juma Gitau. Leakey alitangaza kuwa ni taya la mtu wa kale sana, na mwaka 1933 mkutano wa wataalamu huko Cambridge ulimkubalia. Mwaka 1935 mwanajiolojia Boswell alikuja kupaona. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa. Vigingi vya chuma alivyopachika kuwa alama havikuwapo tena, na picha aliyokuwa ameionyesha iligunduliwa kuwa ya mahali pengine. Boswell aliandika shaka zake katika jarida la Nature mwaka huo huo, na sifa ya Leakey ikaanguka kwa miaka mingi.

Je, tulifute kosa la Leakey? Ukilifuta, jibu la Boswell halitafahamika, na wewe hutajifunza kwa nini mchimbaji wa leo hupima mahali pake kwa uangalifu kuliko mshoni apimavyo nguo ya harusi. Isitoshe, watu waliendelea kurudi katika rasi ile ile. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapa habari za Nyayanga, katika rasi ya Homa, ambako zilipatikana zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Udongo ulikuwa na hazina kubwa. Aliyekosea alikosea taya, hakukosea nchi. Na matusi je? Yapo, nimeyasoma, na yameniuma. Lakini mtu anayefuta tusi aliloandikiwa babu yake humfanyia hisani aliyetukana.

Iko ila moja ya mashine niitaje kwa kupita, maana huwaudhi wanafunzi wangu. Kompyuta isomapo picha ya ukurasa wa zamani huyageuza maneno kuwa herufi ili yaweze kutafutwa, na majina ya kwetu huyavuruga vibaya. Ukitafuta neno ngege waweza usilipate hata pale lilipochapwa mara kumi. Anayetafuta sharti ajifunze kukisia jinsi mashine ilivyokosea. Wako wanafunzi walio hodari sana kwa mchezo huo, na huwa si wale wanaoongoza katika mitihani.

Yule mama wa njugu bado yuko sokoni. Nilimwomba aniuzie karatasi zote zilizobaki za jarida lile, akaniuzia kwa bei ya njugu, akashangaa mwalimu anayenunua makaratasi matupu. Zilikuwa kurasa kumi na nne, hakuna mbili zilizofuatana. Nimezihifadhi katika jalada darasani.

Mwaka jana nilikwenda na wanafunzi wanane kwa mzee wa Kendu Bay. Safari hii hatukumsomea, tulimsikiliza. Aliwatajia samaki, nyavu, majira, na mahali penye miamba ambapo fulu walizaana. Waliandika katika madaftari, upande mmoja Dholuo, upande wa pili Kiswahili, kisha tukapiga picha kila ukurasa kwa simu. Nakala moja ya karatasi ipo shuleni, ya pili tumeiweka katika ofisi ya kamati ya ufuo, na ya tatu nilimpelekea mzee mwenyewe, nikitaraji kuwa atafurahi. Aliitazama kwa mbali, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali tena, kisha akanirudishia.

"Rudini mkaandike upya," alisema, "kwa herufi kubwa. Haya ni maneno yangu, na mimi ndiye siwezi kuyasoma."

Tumefika ukurasa wa tisa.